Pumzi ya Mjomba

"Mfungulie mlango, mama. Anajua tumo ndani."

"Na mimi najua yumo nje. Kila mtu na anachokijua."

Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule yake, mikono kiunoni, funguo zimo kwenye mfuko wa gauni. Kabla ya kustaafu alikuwa mlezi wa bweni la shule, na mwanamke aliyezoea kulaza bweni zima kwa sentensi moja hawezi kushindwa kumwacha mwanaume mmoja asimame kibarazani.

Binti yake kitindamimba aliinuka, akakaa, akainuka tena. Alikuwa hivyo tangu asubuhi, hajui mikono aiweke wapi. Alishaifuta meza isiyo na vumbi. Alishatoa vikombe kwenye sinia akavirudisha kwenye sinia. Kazini walimwita Fundi, kwa sababu alikuwa fundi sauti wa filamu, mtu wa kushika maikrofoni na kusikiliza, na fundi sauti analipwa ili atulie. Leo utulivu ulikuwa umemkimbia.

"Kavaa shati jeupe, dada," alinong'ona Mama Mdogo, mdogo wake mama, aliyekuwa amejibanza nyuma ya pazia kama mpelelezi. "Na lile la kwenye filamu lilikuwa jeupe."

"Wanaume wengi wana shati jeupe," Fundi alisema.

"Kashika mfuko."

"Ni keki, mama mdogo. Nani anaficha kisu kwenye keki?"

"Nani kataja kisu? Yule hakushika kisu filamu nzima. Angeshika kisu, mimi ningelala."

Hiyo ilikuwa kweli tupu.

Kosa lilikuwa lake, na alilijua. Kwa miezi kadhaa alikuwa amewaambia watu wa nyumbani kwamba ana mchumba, kwamba ni mwigizaji, kwamba ana adabu. Hakusema anaigiza nini. Filamu ilipotoka aliwanunulia mama na Mama Mdogo tiketi, akawafikisha hadi mlangoni mwa sinema, akawasisitizia wasikilize vizuri sauti. Mafundi sauti ndivyo walivyo. Dunia nzima imekwenda kutazama sura, wao wanadhani watu wamekwenda kusikiliza. Alipanga kuwapokea wakitoka, wakiwa bado wanammwagia sifa mwigizaji yule, ndipo awaambie: basi huyo ndiye mkwe wenu.

Sifa hazikumwagwa. Zilimwagwa bisi. Mama Mdogo alitoka kabla filamu haijaisha, mama akamfuata, na kabla ya kupanda teksi walikagua kiti cha nyuma. Fundi akauma ulimi. Jumapili iliyofuata, mama alipofungua mlango kumpokea mkwe mtarajiwa, alimkuta Mjomba mwenyewe, kasimama pale, anatabasamu.

Aliufunga mlango usoni pake, akazungusha ufunguo hadi ukagoma. Hiyo ilikuwa Jumapili iliyopita, na leo alikuwa amerudi.

Mjomba ndilo jina la mtu mbaya wa filamu ile. Anafika nyumbani kwa mjane, anadai ni mjomba wa marehemu mumewe, na kwa adabu tupu, siku hadi siku, anamnyang'anya nyumba. Ilivyoandikwa mwanzoni, Mjomba alitakiwa apige kelele na avunje sahani. Siku ya kwanza ya mazoezi yule mwigizaji aliinua mkono kama mwanafunzi. "Naomba nijaribu bila sahani," alisema.

Wenzake walimwita Viatu, kwa kuwa aliuza viatu kabla ya kuigiza. Si mrefu. Si mpana. Ukipishana naye sokoni hugeuki. Aliingia kwenye lile jiko la kuigizia, akachukua kitambaa cha vyombo kilicholowa, akakikunja, akakikunja tena, akazilainisha kingo kwa kidole gumba, akakitundika mahali pake. Kisha akamtazama mwigizaji mwenzake aliyecheza mjane na kumwambia kwa upole, "Kaa chini, dada. Nyumba ni yako."

Yule dada alikaa kabla mwongozaji hajamwambia akae.

Wengine waliona sura tu. Fundi ndiye aliyejua zaidi, maana hedifoni zilikuwa masikioni mwake. Mtu akitaka kusema huvuta pumzi kwanza. Ni kitu kidogo, hakuna anayekigundua, lakini sikio hukingoja. Viatu akiwa Mjomba hakuvuta. Maneno yalitoka tu, kana kwamba ukuta umesema. Mwongozaji alipomwagiza baadaye asafishe sauti na kuondoa pumzi zinazosikika sana, Fundi aliitafuta pumzi ya Mjomba filamu nzima, asipate hata moja ya kuondoa.

Basi mtu wa namna hiyo alimpendea nini? Alimpendea kwenye ukimya. Kila wanapomaliza kupiga picha ndani ya chumba, fundi sauti lazima arekodi ukimya wa chumba chenyewe, maana kila chumba kinanyamaza kwa namna yake, na ukimya huo ndio unaozibia mapengo filamu inapounganishwa. "Ukimya wa chumba!" Fundi hupaza sauti, na kila mtu hugandama pale alipo, kuanzia mwongozaji hadi mtu wa vipodozi, hakuna kukohoa wala kujikuna. Siku ile wengine waliangalia dari. Viatu alimwangalia yeye. Akashusha macho hadi kwenye viatu vya Fundi, akayapandisha taratibu mpaka usoni, akayaacha hapo. Fundi, ambaye kazi yake ilikuwa moja tu, kunyamaza, aliogopa moyo wake utaingia kwenye rekodi.

"Soli yako ya kushoto inalika upande," Viatu alimwambia walipotoka. "Unaegemea mguu mmoja ukishika ile nguzo ndefu ya maikrofoni. Utaumwa kiuno."

"Hayo ndiyo maneno ya kumwambia mwanamke?"

"Ninayo mengine. Nimeanzia chini."

Hayo mama hakuyajua, na Fundi hakuona pa kuanzia kumweleza. Kibaya zaidi, lilikuwepo jambo moja alilokuwa akilikimbia yeye mwenyewe. Siku ile alipofungiwa mlango, Viatu aliondoka. Hakubisha tena. Hakupiga simu. Kesho yake Fundi alimkuta studio, akamwashia moto. "Ungebisha! Mwanaume gani anafukuzwa na kitasa?" Akapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka.

Viatu alimtazama. "Sijakasirika," alisema.

Bila pumzi.

Na Fundi alikaa. Hakuambiwa akae, alijikuta tu yuko kwenye kiti. Tangu hapo kila akipata nafasi alirudi kwenye rekodi za filamu, akavaa hedifoni, akasikiliza "Nyumba ni yako", akazivua, akazivaa tena. Mjomba anaishia wapi, na mchumba wake anaanzia wapi? Alimwambia Viatu aje tena Jumapili, halafu wiki nzima akatamani aje, akatamani asije.

"Mama," alisema sasa, "nikiolewa naye au nisipoolewa naye, kwanza umwangalie usoni."

"Nimeshamwangalia. Saa mbili nzima, uso wake mkubwa kuliko nyumba hii."

"Uliyemwangalia ni Mjomba."

"Na wewe una hakika huyo wa nje ni mwingine?"

Swali hilo lilimchoma Fundi mahali ambapo tayari palikuwa na kidonda. Akavipanga upya vikombe, na mama, ambaye hakuwahi kupitwa na mtoto aliyekosa jibu, alimtupia jicho refu. Kisha akatoa funguo.

"Namfungulia kwa sababu majirani wanachungulia. Isije ikasemwa kuna sababu nyingine."

Mlango ulifunguka. Viatu alikuwa ameushika mfuko wa keki kwa mikono miwili, jasho limemtoka juu ya mdomo.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Alisogea pembeni, nafasi ikawa ya mtu mmoja kupita, basi. Mtu mzima kunyimwa marahaba mlangoni ni sawa na kupigwa kofi mbele za watu. Viatu alilipokea kofi lake, akapita nalo, akageukia pazia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Maraha..." Mama Mdogo alimwangalia dada yake, akaimeza nusu iliyobaki.

Viatu alikaa ukingoni mwa kiti, magoti pamoja. Fundi alikaa mbali naye, kiti cha pili kutoka dirishani, kisha akahamia cha karibu, kisha akajuta kuhama kwa sababu sasa kila mtu alikuwa ameona.

"Unafanya kazi gani?" mama aliuliza, kana kwamba hajui.

"Naigiza, mama."

"Hiyo ni kazi au ni maradhi?"

"Inategemea siku."

"Na kabla ya hapo?"

"Niliuza viatu."

"Ungeendelea navyo. Kila mtu ana miguu."

"Vya kike pia?" Mama Mdogo aliuliza kwa shauku.

"Vya kike hasa, mama mdogo. Wewe unavaa namba ndogo kuliko unayostahili, ndiyo maana unakaa umevivua."

Mama Mdogo alificha vidole vya miguu chini ya gauni, akacheka kabla hajajizuia. "Ee! Dada, huyu ana macho."

"Usimchangamkie," mama alisema. "Hata yule alianza kwa kuchangamkiwa."

Kicheko kikafa. Mama alimimina chai kikombe kimoja tu, chake, asinywe.

"Mimi sizunguki," alisema. "Nimelea watoto wa watu, nimezoeana na wazazi wao. Baba anayekuja shuleni anafoka, anapiga milango, huyo simwogopi. Akichoka atakaa na nitampa maji. Wewe hukufoka. Yule mama wa kwenye filamu hukumgusa hata kwa kidole. Na mimi nilifika hapa nikainama nikaangalia uvungu wa kitanda changu, mimi, na magoti haya. Kwa hiyo nataka ufanye tena."

"Nifanye nini, mama?"

"Kile. Hapa. Nijue kama zilikuwa taa na muziki zilizonizuga, au ni wewe."

"Mama, jamani!" Fundi alisema.

"Naomba nisifanye," Viatu alisema taratibu.

"Na mimi naomba ufanye."

Viatu alimtazama Fundi. Yale macho aliyajua, ndiyo yale ya siku ya ukimya, ila leo yalikuwa yanaomba. Neno moja tu lingetosha. Angesema hapana, mama angenung'unika, wangekata keki. Fundi hakulisema, kwa sababu hata yeye alitaka kuona. Alitaka kuliona hilo jambo likifanyika bila hedifoni, mchana, ndani ya chumba alichokulia. Aliona aibu, akatazama zulia.

Viatu aliona alivyotazama zulia. Akaweka mfuko wa keki chini, akainuka.

Kwenye sinia palikuwa na kitambaa cha kufutia vikombe. Alikichukua. Hakubadilisha sura, hakukunja uso, hakufanya lolote ambalo ungeweza kulinyooshea kidole. Alikikunja mara ya kwanza. Mama Mdogo aliacha kujipepea. Alikikunja tena, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, polepole, kama mtu asiye na haraka na chochote kwa kuwa vyote tayari ni vyake. Akakilaza pembeni ya sinia, sambamba kabisa. Ndipo akamtazama mama, na namna alivyomtazama ilikuwa kama mtu anayetazama kabati na kuwaza atalihamishia upande gani.

"Kaa chini, mama," alisema kwa upole. "Nyumba ni yako."

Mama alikaa.

Daktari wake alishawahi kumwambia akae, akakataa. Marehemu baba alimbembeleza maisha yake yote akae wale pamoja, yeye akala amesimama. Leo alikaa, mikono mapajani, kama mgeni.

"Nimekaa," alisema kwa sauti ndogo ambayo Fundi hakuwahi kuisikia. Kisha damu ikampanda. "Nimekaa kwenye nyumba yangu mwenyewe!"

"Mimi nilikuwa nimeshakaa, dada," Mama Mdogo alisema, "nikajikuta natafuta pa kukaa tena."

Viatu alikuwa amerudi kuwa yeye, mabega chini, anaona haya. "Nisamehe, mama."

"Sitaki samahani, nataka jibu." Mama alishainuka na hakukusudia kukaa tena mwaka huu. "Hicho kitu huwezi kukisoma darasani. Ulikipata wapi?"

"Ni kazi tu, mama. Tunaangalia watu, tunaiga..."

"Usimjibu hivyo."

Aliyesema alikuwa Fundi. Alikuwa amesimama bila kujua ameinuka saa ngapi.

"Usimjibu kama mwigizaji. Hata mimi nataka jibu. Wiki iliyopita studio uliniambia hujakasirika, na ulisema hivyo hivyo, kama Mjomba. Bila pumzi. Na mimi nilikaa, kama mama alivyokaa. Nimeibeba hiyo sauti wiki nzima. Nikiosha nywele iko, nikipanda ngazi iko. Nitaishije na mtu ambaye siku akinikasirikia sitajua nani yuko chumbani?"

"Ulikaa?" Viatu aliuliza.

"Nilikaa."

"Sikuona."

"Ulikuwa unaniangalia!"

"Nilikuwa naangalia meza."

"Meza gani?"

"Uliyoipiga." Alishika mgongo wa kiti. "Uliongea maneno mengi siku ile, sikusikia hata moja baada ya meza."

Mama alikuwa amemkazia macho, lakini mikono ilikuwa imeshuka kutoka kiunoni.

"Baba yangu wa kambo hakuwahi kufoka," Viatu alisema. "Majirani walimsifu. Watu walikuwa wanamwambia mama yangu, una bahati, nyumba yako haina kelele. Alikuwa akirudi anaingia jikoni. Kama siku ni mbaya anapiga meza, mara moja tu, kwa kiganja. Halafu anachukua kitambaa cha vyombo anakikunja vile. Halafu anamwambia mama akae. Na kilichofuata nacho hakikuwa na kelele."

"Na wewe ulikuwa wapi?" mama aliuliza.

"Nyuma ya mlango wa jikoni. Ukifunguka mpaka mwisho panabaki nafasi pale kwenye ukuta, mtoto anaenea. Bawaba zilikuwa zimelegea. Nikipumua mlango unacheza, na ukicheza atajua niko pale." Aliutupia jicho mlango wa jikoni. "Kwa hiyo sikuwa napumua."

Alimgeukia Fundi.

"Kitambaa ni chake. Maneno ni yake. Lakini pumzi si yake. Yeye alikuwa anapumua vizuri tu, kama mtu aliyetoka kula. Waliponipa Mjomba nikajua nitamwigiza yule, na kila nikianza kumwigiza naogopa, pumzi inakata. Nilidhani nimeharibu. Mwongozaji akasema hapo hapo, usibadilishe. Basi nikaacha. Watu wanasema Mjomba anatisha. Sijui. Mimi najua nikiwa Mjomba ni kama nimemtoa yule mtoto nyuma ya mlango nikamsimamisha mbele ya taa, na hata pale hathubutu kupumua."

"Kwa hiyo siku ile studio..." Fundi alianza.

"Sikuwa nimekasirika. Nilikwambia kweli. Nilikuwa naogopa."

"Unaniogopa mimi?"

"Naogopa meza. Wewe naogopa utaondoka."

Fundi alihisi uso unamwaka. Huo wote ulikuwa utaalamu wake, kusikia kile ambacho wengine hawakisikii, na alikuwa amesikia sawasawa kabisa, akaelewa kinyume. Wiki nzima amesikiliza hofu ya mtu masikioni mwake akaiita ukatili. Lakini moyo ukishatiwa wasiwasi hautulizwi kwa maneno matamu, na huyu mtu maneno yalikuwa ndiyo kazi yake. Hata sasa, hata baada ya hayo yote, kitu ndani yake kilikuwa kinazunguka kinatafuta mlango.

Akafanya kitu pekee alichokijua.

"Ukimya wa chumba," alisema.

"Nini?" Mama Mdogo aliuliza.

"Usiongee, mama mdogo. Usitikisike. Mama, na wewe. Mgandame pale mlipo."

"Naamrishwa kwangu mara ya pili leo," mama alisema, lakini akagandama.

Chumba kilinyamaza. Kwanza ikasikika friji kutoka jikoni, ikinguruma kama mzee anayejisemea. Kisha saa ya ukutani. Kisha bangili za Mama Mdogo, ambaye hata akigandama hagandami. Fundi alifumba macho, akavivuka hivyo vyote kimoja kimoja, akasogea na sikio lake hadi pale Viatu alipokuwa ameshika mgongo wa kiti.

Ilikuwepo. Haikuwa hata na haja ya kutafutwa. Ilitoka kwa kukwama, ikapanda, ikakatika katikati, ikaanza upya, pumzi ya mtu aliyepanda ngazi nyingi mno, pumzi ya mtoto baada ya kulia. Ilikuwa mbaya, haina mpangilio, na ilijaza chumba. Hakuna mwongozaji ambaye angeiacha ndani ya filamu. Fundi alifumbua macho, akamkuta anamtazama, hajaizuia, anaiacha isikike hivyo hivyo mbele ya wanawake watatu.

Mama naye alikuwa ameinamisha kichwa upande. Fundi aliikumbuka ile shingo. Ndivyo mama alivyokuwa akisimama mlangoni mwa bweni baada ya taa kuzimwa.

"Mtoto aliyelala kweli anapumua ovyo," mama alisema, na ukimya ukavunjika. "Anakoroma, anaguna, anampiga mwenzake teke. Anayejifanya amelala ndiye humsikii. Kitanda chake kimya kama hakina mtu. Mimi nilikuwa nakwenda kukaa kwenye vitanda hivyo. Kuna waliokaa hivyo muhula mzima kabla hawajapumua."

Akakohoa kidogo, kama mtu aliyesema maneno mengi kuliko alivyopanga.

"Mama yako yuko wapi?"

"Kwa dada yangu. Yule mtu alishakufa. Mama sasa hivi haachi kuongea, anagombana hata na televisheni."

"Vizuri. Mwambie aje Jumapili, nizisikie hizo kelele."

Mama Mdogo alishika mdomo.

Mama hakuwapa nafasi ya kumshukuru. Alichukua kile kitambaa kwenye sinia, akakiangalia kilivyokunjwa, akakikung'uta mpaka kikafunguka chote, akamrushia Viatu kifuani.

"Vyombo vya tangu asubuhi viko jikoni. Na kitambaa changu ukikikunja, nakutoa nje na keki yako."

"Sitakikunja, mama."

"Nenda."

Alikuwa amefika kwenye mlango wa jikoni mama alipomwita tena.

"We kijana."

"Naam, mama."

"Marahaba."

Viatu alisimama pale, kitambaa begani, asijue aitikie nini, maana marahaba ndiyo mwisho wa maneno. Akainamisha kichwa, akaingia jikoni, na mara bomba likafunguliwa kwa nguvu kupita kiasi.

Fundi alimkuta amelowa hadi viwikoni. Alisimama karibu naye, mkono kwa mkono, akaanza kumpokea sahani.

"Ukipiga meza tena..." Viatu alianza.

"Meza sipigi. Kelele nitapiga, nisikudanganye. Mimi ni mtoto wa yule pale."

"Kelele naziweza. Kelele nzuri. Unajua mtu yuko wapi."

"Na wewe ukiogopa, useme. Usiniachie niitafute kwenye hedifoni."

"Nitasema."

"Sema sasa."

Viatu aliweka sahani chini, akamgeukia. Maji yalikuwa yanamdondoka kwenye viatu vyake, vile alivyovisugua kwa ajili ya leo. Alivuta pumzi kwanza. Fundi aliisikia ikiingia, ndefu, imekwaruza kidogo, kabla ya neno lolote.

"Naogopa," alisema. "Na nakupenda."

Akaegemeza paji la uso wake kwenye paji la Fundi. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mikono ya Fundi ilijua pa kukaa.

"Mbona kimya huko?" mama alipaza sauti kutoka sebuleni. "Nataka kusikia vyombo!"

Viatu alikitupa kitambaa juu ya bomba, kikabaki pale kimejikunyata kinachuruzika, akachukua kijiko kikubwa na kuanza kugonga sufuria.